Kushuhudiwa Mema na Watu wa Nje: Mwongozo wa Uongozi na Tabia kwa Mkristo wa Unguja na Pemba

Mkristo anayeishi Unguja au Pemba ana mashahidi wengi kuliko anavyodhani. Jirani wa ukuta mmoja, muuza urojo wa jioni, konda wa gari ya Fuoni, sheha, mama anayerudi pwani na mzigo wa mwani: karibu wote ni Waislamu. Hawajui unaimba sauti gani kwenye kwaya, wala hawakusikia ulivyosali Jumapili. Wanajua kama deni la dukani umelipa, kama ukipewa pesa za watu zinafika, na kama unamsalimia mzee barazani au unampita na simu sikioni.

Paulo aliliona hili mapema. Katika 1 Timotheo 3 anataja sifa za msimamizi wa kanisa, na ukizisoma taratibu utaona karibu zote ni tabia: kiasi, busara, upole, kutopenda fedha, kutokuwa mgomvi, kuisimamia nyumba yake vizuri. Kipaji ni kimoja tu, kujua kufundisha. Halafu orodha inamalizikia nje ya mlango wa kanisa: "imempasa kushuhudiwa mema na watu walio nje." Mwongozo huu umesimama juu ya sentensi hiyo. Haukuandikwa kwa maaskofu. Ni wa mhazini wa kwaya, mama wa nyumba, msimamizi wa zamu hotelini, mwalimu wa skuli ya shamba, na kijana aliyevuka kutoka bara wiki iliyopita na begi moja.

Zipo hatua tisa. Usijaribu zote kwa pamoja.

Hatua ya 1: Orodhesha amana, acha vyeo

Chukua daftari la kawaida. Andika majina ya watu ambao wiki hii wataumia wewe usipofanya sehemu yako. Majina, si makundi. Usiandike "familia", andika mtoto anayesubiri ada, mama mzazi anayesubiri dawa ya presha, mwenzako wa kazini anayesubiri ripoti yako ili naye amalize yake. Mbele ya kila jina andika kile hasa anachosubiri na siku anayokisubiri.

Ukimaliza, utagundua kwamba tayari wewe ni kiongozi wa watu saba au kumi, hata kama hakuna aliyekupigia kura. Chagua amana moja kati ya hizo, ile unayoilegeza mara kwa mara, uishike sawasawa kwa miezi mitatu. Moja tu. Luka 16:10 inasema aliye mwaminifu katika lililo dogo sana huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia, na wengi tunausoma mstari huo kama ahadi ya kupandishwa cheo. Mimi nausoma kama kipimo: dogo hilo ndilo linalokuonyesha wewe ni nani sasa hivi.

Hatua ya 2: Fedha za watu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo majina ya Wakristo wengi wazuri yanapochafuka, na mara nyingi bila wizi wowote.

Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya waumini wa Yerusalemu hakuubeba peke yake. Katika 2 Wakorintho 8 anaeleza kwamba anamtuma Tito, pamoja na ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, na sababu anaitoa wazi: asije mtu akamlaumu. Anataka mambo yawe mema "si mbele za Bwana tu, ila na mbele za wanadamu." Huyu ni mtume. Kama yeye hakuona haya kusindikizwa, basi "mimi ni mzee wa kanisa, mnanijua" si jibu kwa mtu anayeomba kuona hesabu.

Utaratibu wenyewe ni huu.

Kuhesabu kufanywe na watu wawili ambao si mke na mume wala si ndugu, papo hapo, kabla yeyote hajatoka nje ya chumba. Kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, wote wawili watie sahihi. Sarafu zihesabiwe kando, maana ndizo zinazoleta ubishi.

Daftari liwe na safu tano: tarehe, maelezo, iliyoingia, iliyotoka, salio. Andika kwa kalamu ya wino. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, andika kilicho sahihi pembeni, na tia saini yako. Usifute wala usichane ukurasa. Daftari lenye ukurasa uliochanwa halina maelezo yatakayokubalika, hata kama ulichana kwa sababu mtoto alimwagia chai.

Tuseme kwaya yenu ina watu 18 na mmekubaliana kila mmoja atoe shilingi 25,000 za sare. Lengo ni 450,000. Hadi siku ya kwenda Darajani zimeingia 310,000. Mnanunua vitambaa vya 240,000, nauli na mbeba mzigo 6,000. Salio ni 64,000. Sasa fungua bahasha mbele ya mwenzako na mhesabu noti kwa mikono. Daftari linasema 64,000; je, bahasha nayo inasema hivyo?

Ikisema 62,000, kishawishi cha mtu mwema ni kutoa 2,000 mfukoni mwake na kunyamaza. Usifanye hivyo. Ukijazia kimya kimya, kwanza umelificha tundu, na tundu likifichwa hukua. Pili, umejizoesha kwamba mfuko wako na bahasha ya kwaya ni kitu kimoja, na siku ukipungukiwa wewe, njia itakuwa imeshafunguka upande wa pili. Andika "pungufu 2,000", mtie sahihi, mwambie mwenyekiti siku hiyo hiyo. Ukitaka kuchangia hiyo 2,000 baadaye, changia kwa jina lako na iandikwe kama mchango. Ikizidi pia iandike. Ziada si zawadi kwa mhazini.

Pesa za simu zinataka uangalifu zaidi. Mhazini anayepokea michango kwenye laini yake mwenyewe anachanganya salio la kanisa na la vocha yake, na baada ya wiki mbili yeye mwenyewe hajui lipi ni lipi. Sajilini laini ya kikundi. Ikishindikana, pesa iliyoingia ihamishwe siku ileile, na ujumbe wa muamala upelekwe kwenye kundi la viongozi bila kusubiri kuulizwa.

Halafu kuna kuazima. Wahazini wengi hawaibi, wanaazima. Mshahara ni Ijumaa, mtoto anaumwa Jumanne, bahasha iko kabatini. Kanuni iwe moja na isiwe na mlango wa nyuma: hakuna kuazima, hata kwa saa moja, hata kama mshahara umeshaingia benki na unasubiri foleni tu. Vikundi vya kuweka na kukopa vimetuzidi akili hapa, kwani vingi hutumia sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na haliwezi kufunguliwa ila kikundi kikiwa kimekaa. Hakuna anayejiona ametukanwa kwa kufuli hizo. Kanisani tukipendekeza kufuli ya pili watu wanauliza, "Kwani hamniamini?"

Kila mwisho wa mwezi simama usome hesabu kwa sauti. Dakika tatu zinatosha. Soma hata kama wanaosikiliza wanapiga miayo.

Hatua ya 3: Ujira wa mtu usilale kwako

Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kukaa kwako usiku hata asubuhi. Kumbukumbu la Torati 24 inatoa sababu: ni maskini, na moyo wake umeutumainia ujira huo. Yakobo 5:4 ni kali zaidi, kwa kuwa anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kilio kinafika masikioni mwa Mungu.

Pemba, msimu wa karafuu, hili lina sura kamili. Mchumaji anapanda mkarafuu asubuhi, anashuka na pakacha, jioni watu wanakaa kuchambua, karafuu huku na makonyo kule, ndipo unapimwa uchumaji wake. Mwenye shamba, ukitumia pishi, tumia pishi ileile kwa wachumaji wote na siku zote, na usiisukume kwa kiganja ili ishibe zaidi kwa huyu kuliko kwa yule. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Kisha lipa jioni hiyo. "Subiri nikishauza" maana yake ni kwamba yeye ndiye anayekukopesha mtaji, bila riba na bila kuombwa: karafuu inahitaji siku kadhaa za jua jamvini kabla haijafika kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na yeye anataka unga leo. Kama kweli huna pesa za kulipa kila siku, mweleze kabla hajapanda mti, mkubaliane tarehe, na mwachie aamue kama atapanda.

Na karafuu iende ZSTC. Najua hoja zote za magendo, najua na bei zinazonong'onwa. Mkristo anayepitisha gunia usiku hawezi kumkemea kijana wake kwa kudanganya mtihani.

Lakini mzigo mkubwa wa hatua hii hauko shambani. Uko jikoni. Dada wa kazi ndiye mfanyakazi tunayemkopa kuliko wote, kwa sababu anakula kwetu na tunajiambia ni mtoto wa nyumbani. Weka tarehe ya mshahara wake na uishike kama unavyoishika tarehe ya umeme. Mpe mkononi mwake au kwenye simu yake, si kwa shangazi aliyemleta, isipokuwa yeye mwenyewe ameomba hivyo. Mpe siku ya mapumziko, na kama ni Mwislamu mpe nafasi ya sala zake na ya futari yake kwa wakati.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito wa pekee. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873 baada ya Sultani Barghash kutia sahihi mkataba na Waingereza, na mwaka huohuo, siku ya Krismasi, likawekwa jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Anglikana mahali hapohapo, chini ya usimamizi wa Edward Steere, ambaye baadaye alifanywa askofu. Wageni huonyeshwa altare na kuambiwa kwamba hapo ndipo palikuwa na mti wa kuchapia watu. Utumwa wenyewe haukwisha siku ile. Hadhi yake kisheria ilifutwa mwaka 1897. Ndipo Marafiki, yaani Quakers, walipoanzisha misheni yao Banani, Pemba, wakiwapa watu waliotoka utumwani kazi ya shamba yenye ujira. Ukisali Mkunazini ukarudi nyumbani kwa binti ambaye hujamlipa tangu mwezi juzi, umekanyaga juu ya somo bila kulisoma.

Hatua ya 4: Siku na saa

Hii ni fupi. Ukitoa ahadi, itaje kwa siku na saa, au usiitoe. Yakobo alitufundisha kusema "Bwana akipenda" kwa unyenyekevu. Fundi anayesema hivyo huku akijua kesho yuko Nungwi kwa kazi nyingine amemsingizia Bwana. Ukiona utachelewa, piga simu kabla ya saa ya miadi, siyo baada. Zaburi ya 15 inamtaja mtu aliyeapa kwa hasara yake wala hayabadili maneno yake. Kumbuka neno hasara. Ahadi isiyokugharimu chochote haijakupima.

Hatua ya 5: Ulimi, na simu yenye kasi kuliko ulimi

Zamani neno la uchochezi lilianzia baraza moja, likafika la pili baada ya sala ya Alasiri. Sasa linavuka bahari kabla kahawa haijapoa.

Visiwa hivi vinajua gharama yake. Mei 2012 makanisa yalichomwa moto Unguja. Novemba mwaka huo Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Mufti, alimwagiwa tindikali. Februari 2013 Padre Evarist Mushi aliuawa kwa risasi akienda kuongoza misa. Ninataja yote matatu kwa makusudi, maana Mkristo anayesimulia kipindi kile akakumbuka makanisa na padre tu, akamsahau sheikh, anasimulia nusu, na nusu hiyo ndiyo inayowasha moto.

Kwa hiyo jiwekee utaratibu. Ujumbe wowote unaotaja dini, chama au asili ya mtu, usiusambaze siku uliyoupokea. Uache ulale. Kesho yake jiulize: nani aliyeona kwa macho? Je, ningeusoma ujumbe huu kwa sauti mbele ya jirani yangu Mwislamu, akiwa amekaa na watoto wake? Jibu la pili likiwa hapana, ufute. Ukiwa msimamizi wa kundi la WhatsApp la jumuiya, usinyamaze mwenzako anapoweka picha ya maiti au sauti ya mtu asiyejulikana anayelaani upande mmoja. Mwandikie faragha kwanza, kwa heshima: "Kaka, naomba uitoe hii, hatujui ilikotoka." Asipoitoa, itoe wewe.

Wakati wa uchaguzi ongeza uangalifu mara mbili. Una haki ya kuwa na chama. Huna haki ya kukivisha joho la kanisa.

Hasira za ana kwa ana nazo zina dawa yake ya kizamani. Mithali 16:32 inamweka mtu aitawalaye roho yake juu ya mtu atekaye mji. Kwenye daladala konda akikunyima chenji, omba mara moja kwa sauti ya kawaida, omba mara ya pili, kisha shuka. Pesa yenyewe ni nauli ya kituo kimoja.

Hatua ya 6: Kazini, hasa kwenye ratiba ya zamu

Wakristo wengi visiwani wanafanya kazi hotelini, kuanzia Nungwi na Kiwengwa hadi Paje na Jambiani, na baadhi wamepanda hadi usupavaiza. Hapo ndipo utakapopimwa, na kipimo ni karatasi moja ya ratiba iliyobandikwa mlango wa nyuma ya jiko.

Wafanyakazi huisoma karatasi hiyo kama hukumu. Nani kapewa usiku mara tatu mfululizo? Nani kapumzika sikukuu? Nani kapewa vyumba vya wageni wanaoacha bakhshishi? Aliyependelewa akiwa ametoka mkoa mmoja na wewe, au mnasali pamoja, wenzako wameshakuhesabia kabla hujabandika.

Panga hivi. Anza na sala: chora safu ya Ijumaa mchana na safu ya Jumapili asubuhi. Wanaume Waislamu wengi iwezekanavyo watoke Ijumaa wakati wa sala, Wakristo wawashikie nafasi. Jumapili iwe kinyume chake. Liandike hilo kama utaratibu wa kazi, lisibaki hisani yako binafsi, ili siku ukiondoka liendelee. Kisha gawa zamu za usiku kwa zamu, kwa mpangilio wa majina, na uanze na jina lako. Vyumba vizuri navyo vizunguke kila wiki. Bakhshishi za pamoja zihesabiwe na watu wawili, kama ulivyojifunza kwenye Hatua ya 2. Hatimaye, kabla hujabandika, mpe karatasi mtu mmoja asiye wa dini yako wala wa kwenu, umwambie, "Nitafutie uonevu humu." Atauona. Mara nyingi ni uonevu ambao hukuukusudia.

Nehemia alikuwa gavana wa Yuda kwa miaka 12, na katika sura ya 5 anasema hakula chakula cha gavana, yaani posho halali iliyokuwa haki yake, kwa sababu mzigo wa watu ulikuwa tayari mzito. Sikushauri ukatae mshahara wako. Lakini kipo kitu kidogo ambacho cheo kinakupa na unaweza kukiacha: gari ya kwanza ya kurudi nyumbani, sahani iliyojaa zaidi kantini, Krismasi ya pili mfululizo ukiwa nyumbani. Kiache, na usikitangaze.

Kuhusu rushwa sina mengi. Ukiombwa kitu kidogo bandarini au ofisini, uliza kwa upole, "Risiti yake naipata wapi?" Swali hilo linaokoa mabishano mengi. Ukiwa wewe ndiye uliyekaa upande wa pili wa meza, unajua tayari.

Hatua ya 7: Jirani

Ramadhani usile, usinywe, wala usivute sigara hadharani mchana. Watu wamewahi kukamatwa kwa hilo, lakini usifanye kwa kuogopa polisi. Fanya kwa sababu mwenzako ana kiu. Ukitaka kupeleka kitu cha futari kwa jirani, peleka tende, tikiti, ndizi mbivu au machungwa. Chakula kilichopikwa kinaweza kumtia mtu shaka kuhusu sufuria zako, na adabu yake itamzuia kukwambia. Matunda hayaulizwi.

Msiba ukitokea mtaani, fika mapema. Mwanamume akae nje na wanaume, mwanamke ajitande aingie ndani. Hujui dua, kaa kimya. Kubeba maji, kupanga viti, kukodi gari ya kwenda makaburini, hayo hayana dini. Usiende na ujumbe wa kuhubiri. Siku yako ikifika watakuja vilevile, na utaona walioshika beleshi.

Sikukuu zetu ndizo zinazohitaji kufikiriwa zaidi. Ukichinja mbuzi wa Krismasi na unataka majirani wale, mwombe Mwislamu achinje, na iwe mahali wanapoona. Wapo Wakristo wanaoliona hili kama kujidhalilisha. Nadhani wamekosea. Paulo alikuwa tayari kuacha kula nyama kabisa kama ingemkwaza ndugu yake, sasa sisi tunashindwa kumwachia jirani kisu kwa dakika mbili? Asiyetaka asilazimishwe, ila basi aseme wazi kwamba nyama ilichinjwa nyumbani na yeye, ili mgeni achague. Kumlisha mtu kwa kumficha ni uongo, hata pilau iwe tamu vipi.

Msaada wako usiwe na sharti. Kumlipia mtoto wa jirani daftari za skuli halafu ukamwalika kanisani wiki inayofuata kutawafanya wazazi wake waone daftari kwa jicho jingine, na watakuwa na haki. Ukiulizwa kuhusu imani yako, jibu. Petro anataka tuwe tayari siku zote kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, "lakini kwa upole na kwa hofu." Angalia mpangilio: swali linatangulia. Na ukiulizwa usijifiche. Anayebadili jina lake kazini ili apendwe hataaminiwa na upande wowote.

Hatua ya 8: Ukikosa

Utakosa. Mathayo 5:23-24 inasema ukiwa unatoa sadaka madhabahuni ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka, uende kwanza mkapatane. Kwa hiyo Jumamosi jioni, kabla hujapiga pasi nguo za ibada, pitia daftari la Hatua ya 1, jina kwa jina. Ukikuta jina linalokuchoma, usisubiri Jumatatu.

Kuomba radhi kuna sehemu ambazo hupenda kurukwa. Nenda kwake, usimwite kwako. Anza na salamu kamili, na kama ni mkubwa wako, shikamoo, hata kama kazini wewe ndiye bosi wake. Litaje kosa kwa jina lake: "Nilisema mbele ya watu kwamba umechelewesha ripoti, na haikuwa kweli." Usiongeze "lakini". Usieleze ulivyokuwa umechoka. Sema utakachorudisha na lini. Zakayo hakuishia kwenye machozi. Aliahidi kurudisha mara nne. Na kama ulimkosea mtu mbele ya watu, radhi nayo iwe mbele ya watu walewale, au angalau wajue kwamba imefanyika.

Ukiwa wewe ndiye uliyekosewa, Mathayo 18 inakutaka uende kwake mkiwa wawili peke yenu, kwanza. Kwa jinsi tunavyopenda kwanza "kumshirikisha" mchungaji, mama mkwe na marafiki wawili wa kwaya, amri hii ingeandikwa kwa herufi kubwa.

Hatua ya 9: Mwandae atakayekufuata, kisha toka

Yethro alipomkuta Musa akihukumu kesi za watu tangu asubuhi hadi jioni, hakumsifu kwa bidii. Alimwambia anachofanya si kizuri, atajichosha yeye na watu. Akamshauri atafute wasaidizi wenye uwezo, wanaomcha Mungu, watu wa kweli, wanaochukia mapato ya udhalimu. Hizi ni sifa za tabia kuliko za elimu.

Historia ya Kanisa hapa Unguja ina mfano wake. Mwaka 1864 Sultani Majid alimpa Askofu Tozer, wa misheni ya Kianglikana, wavulana watano waliokuwa wameokolewa kutoka kwenye jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, ambaye naye aliwahi kuwa mtumwa utotoni na akasomeshwa Kiungani, kwenye skuli ya misheni hiyo, alipata upadri mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Kutoka kupokewa kwa Swedi hadi ushemasi wake ni miaka 15. Aliyetaka matokeo ya haraka asingewachagua wavulana wale.

Wewe huhitaji miaka 15 kumfundisha mhazini msaidizi. Mchague miezi sita kabla ya muda wako kwisha, na asiwe mtoto wako wala shemeji yako. Miezi miwili ya kwanza akae pembeni aangalie. Miwili inayofuata aandike yeye, wewe uangalie. Miwili ya mwisho afanye peke yake, akuonyeshe mwisho wa mwezi tu. Siku ya makabidhiano andikeni nakala mbili: daftari na kurasa zake zilizohesabiwa, salio lililohesabiwa kwa mikono, mhuri, funguo, laini ya simu ya kikundi na namba yake ya siri, ambayo ataibadilisha papo hapo mbele yako. Wote wawili na shahidi mmoja mtie sahihi.

Kisha jitoe kwenye usimamizi wa kundi la WhatsApp jioni hiyohiyo, usibaki "kwa tahadhari". Waumini watakupigia simu kulalamika kwamba mhazini mpya anachelewa kusoma hesabu. Wape namba yake.